Mafuta ya chakula na uzazi wa samaki: kabla ya kulaumiana, tunuse gunia la pumba



Katika kijiji kimoja cha Bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, wahamaji na wenyeji wana bwawa moja la tilapia. Kando yake walichimba bwawa dogo la samaki wazazi, ili wapate vifaranga vya kugawia familia za pande zote mbili. Miezi mitatu ikapita bila kifaranga hata kimoja, na maneno yakaanza. Wenyeji walisema wahamaji wanavua wazazi usiku. Wahamaji walisema wenyeji wametia dawa majini ili wao wachoke na kuondoka. Kamati ya amani ilipotuita, vijana walikuwa wamekwisha kukatazana kupita njia ya bwawa.

Tulivuta wavu mbele ya watu wote na kuhesabu. Samaki walikuwa 12, kama walivyowekwa. Hakuna aliyeibwa, hakuna aliyekufa. Tukauliza: wanakula nini? Tukaletewa gunia la pumba za mpunga lililokaa ghalani tangu mavuno. Mama mmoja mzee akaingiza mkono, akanusa, akasema: "Wanangu, hii mafuta yake yameharibika."

Mama alisema kweli, na jambo hilo linafaa kuelezwa.

Mafuta yanahusiana vipi na uzazi?

Yai la samaki lina kiini, kama yai la kuku. Ndani ya kiini mama huweka protini, mafuta na vitamini. Kifaranga akianguliwa, huishi kwa akiba hiyo siku zake za kwanza. Tena mama wa tilapia hubeba mayai na watoto mdomoni kwa siku 10 hadi 14 hivi, na wakati huo karibu hali kitu. Alichokula kabla ndicho kinachomtegemeza yeye na watoto wake.

Kuna mafuta ambayo mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea. Kwa tilapia, la muhimu zaidi ni lile linaloitwa asidi ya linoleiki. Liko kwa wingi katika soya na alizeti, kwa kiasi katika karanga, na kidogo katika mawese.

Mwaka 1993 watafiti wa Ufilipino walieleza kwamba tilapia waliolishwa mafuta ya ini la samaki wa bahari walinenepa kuliko wengine, lakini walizaa vibaya. Waliolishwa mafuta ya soya ndio waliozaa vizuri zaidi. Mwaka 2011, watafiti wa Malaysia walionyesha kwamba majike waliolishwa mawese ghafi walizaa vizuri kuliko waliolishwa mafuta ya samaki. Basi samaki mnene si lazima awe mzazi mzuri, na mafuta yetu ya Fizi na Uvira si ya kudharauliwa.

Mawese mekundu yana faida nyingine: yana vitamini E. Vitamini hiyo huzuia mafuta yasiharibike, ndani ya chakula na ndani ya mwili. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Japani walionyesha kwamba samaki aina ya kapi wakikosa vitamini E, viungo vyao vya uzazi havikui vizuri.

Hapo ndipo pumba za zamani zinapoleta hasara. Mpunga ukishakobolewa, mafuta yaliyo ndani ya pumba huanza kuharibika katika siku chache tu, hasa penye joto na unyevu. Mafuta yaliyoharibika humaliza vitamini E. Samaki anashiba, lakini mayai yanakosa nguvu au hayatungwi kabisa.

"Watoto wetu hawana mawese"

Katika kikao, baba mmoja mhamaji aliuliza: "Watoto wetu wanakula sombe bila mawese, na ninyi mnataka tuwape samaki?" Swali lake ni la haki. Tulipiga hesabu pamoja naye. Samaki wazazi 12 wa gramu 200 wana uzito wa kilo 2 na gramu 400. Kwa siku wanakula gramu 50 hivi, yaani kilo moja na nusu kwa mwezi. Ukitia nusu lita ya mawese katika kilo 10 za chakula, basi kwa mwezi mzima wazazi wote watahitaji chini ya mililita 80. Hata kikombe kidogo cha chai hakijai. Wale wa bwawa kubwa, wa kuliwa, hawahitaji matunzo hayo.

Mambo ya kufuata

1. Tumieni pumba mpya, za wiki hiyo. Zikiwa na harufu kali au ladha chungu, zipelekeni kwenye mbolea.
2. Changanyeni na unga wa soya iliyokaangwa au mashudu ya karanga yasiyo na ukungu.
3. Mawese yasizidi nusu lita kwa kilo 10. Pumba zikiwa mpya na zenye mafuta mengi, robo lita yatosha. Jike mwenye mafuta mengi tumboni huzaa kidogo.
4. Msitumie mafuta yaliyokwisha kukaangia.
5. Wekeni dume mmoja kwa majike watatu.

Tusidanganyane: mafuta si sababu pekee. Kwenye milima, maji yakishuka chini ya nyuzi 20, tilapia haizai hata ikila vizuri.

Katika kijiji kile, wahamaji na wenyeji sasa wanalisha kwa zamu, mmoja wa kila upande, na wote wawili wananusa chakula kabla ya kukitupa majini. Baada ya wiki saba tulivuta wavu tena. Majike wanne walikuwa na mayai mdomoni. Hakuna aliyeomba msamaha kwa sauti siku ile, lakini njia ya bwawa imefunguliwa.

Viongozi wapendwa, bwawa lisipozaa, msiulize kwanza "nani?" Ulizeni "wanakula nini?" Jibu la swali hilo halimfukuzi mtu kijijini.