Ukitaka Kunyanyua Vyuma, Uanze na Ratiba Ipi?

Miongoni mwa barua nilizopata mwezi huu ipo moja ya kijana anayefanya kazi ya uchukuzi sokoni. Anasema ameamua kuwa mnyanyuaji wa vitu vizito. Chuma chake amekitengeneza mwenyewe kwa bomba la maji na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, kama tunavyoona katika nyua nyingi za mitaani. Kisha akapata mahali ratiba ya mazoezi ya Wabulgaria, akainakili kwenye daftari, na kwa muda wa wiki tano amekuwa akifanya mazoezi siku sita kwa wiki, asubuhi na jioni. Sasa magoti yanamuuma, usiku hapati usingizi, na gunia alilokuwa akilibeba bila taabu linamshinda. Anauliza: je, aongeze bidii au aache?

Mimi nasema asifanye lolote kati ya hayo mawili. Abadilishe ratiba.

Lakini kwanza tuwatendee haki hao Wabulgaria, kwani kijana hakuwachagua kwa ujinga. Katika michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, nchi yao ndogo iliondoka na medali tatu za dhahabu za kunyanyua vitu vizito. Kocha wao, Ivan Abadjiev, aliwapa vijana wake aina chache tu za mazoezi, lakini waliyafanya kila siku na mara kadhaa kwa siku, na karibu kila mara mtu alipanda hadi uzito mkubwa kabisa aliouweza siku ile. Mmoja wa waliopitia njia hiyo ni Naim Süleymanoğlu, ambaye baadaye alihamia Uturuki. Huko Seoul, mwaka 1988, akishindana katika kundi la watu wasiozidi kilo 60, alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa chake. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake mwenyewe! Nani asingetamani kujua mtu huyo alifanya mazoezi gani?

Tatizo ni kwamba mambo makubwa hayakuandikwa kwenye ratiba. Vijana wale waliteuliwa na serikali wakiwa bado wadogo, wakaandaliwa kwa miaka kabla ya kubebeshwa mzigo ule. Hawakuwa na kazi nyingine ya kuwachosha. Chakula kilikuwa mezani, daktari alikuwa karibu, na mchana walilala. Hata hivyo wengi waliumia wakaachwa njiani, na majina yao hatuyajui, maana anayesimuliwa ni yule aliyefika. Tena kulikuwa na suala la dawa. Hapo hapo Seoul, Bulgaria iliondoa timu yake baada ya washindi wake wawili wa dhahabu kukutwa na dawa za kukojosha zilizopigwa marufuku. Anayenakili ratiba ya namna hiyo, akaitekeleza kwa mlo mmoja kwa siku na magunia begani tangu alfajiri, hajanakili hata nusu ya mambo yaliyoifanya ifae.

Tujiulize basi mwili hupataje nguvu. Unaponyanyua mzigo mzito kuliko uliouzoea, mwili huchoka. Ukiupa chakula na mapumziko, hurudi ukiwa na uwezo zaidi kidogo kuliko mwanzo. Kwa mtu anayeanza, hatua hiyo huchukua takriban siku mbili. Wiki za kwanza nguvu huongezeka haraka hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia vema misuli iliyopo. Kano na viungo, kwa upande wao, huzoea mzigo polepole zaidi, na ndiyo sababu magoti hulalamika wakati mapaja bado yanataka kuendelea.

Hivyo basi ratiba ya mwanzo haina haja ya kuwa na maajabu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, kila moja ikifuatiwa na siku ya kupumzika. Achuchumae na kuinuka chuma kikiwa mabegani, akisukume juu ya kichwa akiwa amesimama, na akiinue toka sakafuni hadi mapajani. Kila zoezi alifanye mara tano, apumzike dakika tatu hivi, arudie mpaka zitimie seti tatu. Lile la sakafuni, kwa kuwa linachosha mgongo, seti moja nzito inatosha. Siku inayofuata ya mazoezi aongeze kilo mbili na nusu. Huenda zikaonekana chache, lakini kwa siku tatu ni kilo saba na nusu, na kwa mwezi ni kilo 30. Mambo hayatakwenda hivyo milele. Siku akishindwa, arudie uzito ule ule. Akishindwa mara tatu mfululizo apunguze sehemu moja ya kumi, aanze kupanda tena. Njia hii ikikwama kabisa, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, ndipo atafute ratiba inayoongeza mzigo kwa wiki badala ya kwa siku.

Ratiba zinazohesabu kwa asilimia, kama zile za Warusi wa zamani, ambao sehemu kubwa ya kazi yao waliifanya kati ya asilimia 70 na 90 ya uwezo wa juu, aziweke kando kwa sasa. Ni ratiba nzuri. Lakini asilimia 80 ya nini? Uwezo wa mtu anayeanza hubadilika kila wiki, hivyo hesabu ya Jumatatu ni uongo ifikapo Ijumaa.

Kwa kijana wetu lipo jambo jingine. Magunia nayo ni mazoezi, hata kama hakuyaandika kwenye daftari. Kwake yeye mimi ningeanza na siku mbili, si tatu, na ningechagua siku ambazo soko halina malori mengi.

Sasa tuje kwenye yale makopo. Tangu mwaka 1973 mashindano yana minyanyuo miwili: kukinyakua chuma toka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha kwanza mabegani kisha kukisukuma juu. Chuma halisi huwa na ncha zinazozunguka, ili sahani zisikunje mkono kinapogeuka. Bomba lenye zege halizunguki. Kwa hiyo minyanyuo hiyo miwili ajifunze kwa fimbo tupu, mpaka apate klabu yenye chuma cha kweli na mtu wa kumtazama. Bomba lake litafaa kwa kuchuchumaa, lakini asilipandishe mabegani kabla ya kupima kila kopo peke yake kwenye mizani ya hapo hapo sokoni, maana makopo mawili ya zege ni nadra kulingana. Lililo jepesi aliongezee mchanga katika mfuko uliofungwa kwa kamba na kukazwa usining'inie, na kilo alizopata aziandike ukurasa wa kwanza wa daftari, mahali palipokuwa na ratiba ya Wabulgaria.