Mgeni anapoomba vekta isiyokuwepo

Ndugu zangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kompyuta za kuigizwa mgeni anaweza kumuua mwenyeji. Huku Birmingham nasoma sana msimbo wa QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, inayoigiza kompyuta nzima pamoja na vifaa vyake.

Kifaa kikitaka kuamsha prosesa hutuma ukatizi, na kila ukatizi una namba, ndiyo vekta. Tuseme kifaa cha virtio kina vekta 3: 0, 1 na 2. Anayechagua ni mgeni, yaani mfumo ulio ndani, na rejesta yake ina biti 16, kwa hiyo anaweza kuandika hadi 65535. Je, akiandika 7? Msimbo ukimwamini tu, utagusa kumbukumbu ya mwenyeji nje ya jedwali.

Kuzima programu nzima si dawa. Kazi zote za ndani zinakatika. Kupunguza namba mpaka itoshe ni kubaya zaidi, maana ukatizi utamfikia asiyehusika. Dawa ni kulinganisha kabla ya kuhifadhi. Na jamani, 3 yenyewe iko nje, tunaanzia 0! Kanuni za virtio zinataka kifaa kirudishe 65535, maana yake "hakuna vekta", na mgeni asome tena rejesta ahakikishe.

Mashine ikihamishiwa seva nyingine, kagua upya: namba zilizohifadhiwa hazikupitia rejesta.

Mimi natumia "ukatizi". Mwenye neno bora alete.