Nilichojifunza Amani

Kitalu changu cha miche kiko nje kidogo ya mji wa Same. Wateja huniuliza maswali mawili: mche huu unakua haraka? Unavumilia ukame? Umetoka wapi, hakuna anayeuliza. Hata mimi sikuwa nikiuliza, mpaka nilipopanda mlima kwenda Amani.

Amani iko juu ya Muheza, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa kilimo pamoja na bustani ya mimea, chini ya Franz Stuhlmann. Waliagiza miti kutoka mabara mbalimbali, wakaiotesha na kuichunguza ili wajue ipi italipa: mpira, kahawa, kafuri, viungo, mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, magome ya mkwinini wa Amani ndiyo yaliyotengenezwa dawa ya malaria kwa askari.

Wazungu walipotaka kuotesha mimea ya joto kwao, iliwabidi wajenge nyumba za vioo. Jumba la mitende la Kew, London, lililokamilika mwaka 1848, lilipashwa joto kwa mabomba ya maji moto. Amani hakuna haja ya vioo wala mabomba; unyevu huletwa na mawingu ya Bahari ya Hindi. Mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Sisi Same mjini hatupati hata nusu yake.

Mwenyeji wangu alinionyesha mmea mdogo ulioshika mwambani kivulini. Majani yake yana manyoya laini kama shavu la mtoto, ua lake la zambarau. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga, na mwaka 1893 mmea ukapewa jina la Saintpaulia huko Hannover. Leo unapamba madirisha ya watu duniani kote, na wengi wao hawajui kwamba kwao ni milima yetu.

Kisha akanionyesha msizi, mrefu, umenyooka. Uliletwa kwa ajili ya mbao. Lakini hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali, na kila penye uwazi msituni msizi huota na kuwahi nafasi ya miti ya asili. Nilisimama chini yake nikiwaza miche yote niliyowauzia watu kwa sifa moja tu, ya kukua haraka.

Sisemi mgeni ni mbaya. Mkonge wa Makanya na Ndungu asili yake ni Mexico. Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na umelisha familia nyingi za Wapare. Lakini wazee wetu nao walikuwa na bustani zao: mishitu, misitu midogo ya jando, ambamo kukata mti ni mwiko. Hiyo ndiyo benki yetu ya mbegu.

Siku hizi kila mche kitaluni kwangu una kibao chenye jina na asili yake. Nawe ndugu msomaji, kabla hujafukia mche shambani, uliza umetoka wapi na mbegu zake zinabebwa na nani. Na mshitu wa ukoo wako, usiuguse kwa panga.