Kijana wa Gongali na Chujio Lake

Aliyepanda gari moshi la TAZARA toka Mlimba kuja Makambako anayajua mahandaki yale. Katika kilometa 158 yamo 18, na madaraja 46. Reli ilipojengwa, miaka ya 1970 hadi 1975, wazee wetu walishika sururu na sepeto, ila ramani walichora Wachina. Ndiyo maana mpaka leo wengi hapa Njombe wakisikia neno mhandisi hufikiri mtu wa ng'ambo.

Basi sikieni habari za Askwar Hilonga, mwana wa Gongali, kijiji cha Karatu. Magonjwa ya maji machafu aliyajua tangu utoto. Akasoma hata akapata udaktari wa uhandisi wa kemia huko Korea Kusini, kisha akarudi Arusha kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Akatengeneza chujio. Maji hupita kwanza katika mchanga, halafu katika chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hunasa sumu. Chembe hizo huchaguliwa kwa kufuata ubaya wa maji ya mahali penyewe. Huko Arusha ubaya ni floridi, iharibuyo meno na mifupa ya watoto. Mama akichemsha maji huua vijidudu, lakini floridi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea!

Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilianza kutoa tuzo kwa wahandisi wa Afrika. Wa kwanza kuipata akawa Hilonga, pauni 25,000. Mwaka 2018 akaipata Brian Gitta wa Uganda, kijana wa miaka 24, kwa chombo kinachobana kidole na kutafuta malaria kwa mwanga, bila kutoa damu.

Juzi baba mmoja wa upande wa Makambako alinijia ofisini nimwandikie barua ya kumtoa binti yake katika masomo ya sayansi, ati fizikia si kazi ya mwanamke. Nikamsimulia habari hizi. Akanyamaza kitambo.

"Karani, chujio hilo laweza kusafisha kisima chetu?"

"Mzee, kwanza lazima maji yapimwe."

"Na nani?"

"Na mtu aliyesoma sayansi."

Akachukua kofia yake. Barua hatujaiandika.