Fuata Tone Hadi Linakotoka: Haidroliki ya Trekta Dogo, Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi trekta dogo linavyotumia mafuta yale yale kunyanyua plau, kulainisha gia na ekseli ya nyuma, na katika matrekta mengi kupoza breki zilizofichwa ndani ya ekseli hiyo. Leo tunafika kwenye swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye matrekta wa Busia, upande wa Kenya na wa Uganda, na wenzao wa Tororo: mafuta yanavuja, nifanye nini?

Wengi wameshajijibu kwa kuongeza. Dereva hubeba kidumu cha lita tano, hujaza asubuhi, hulima ekari za watu, na kesho yake hujaza tena. Msimu ni mfupi, wateja wanangoja, mvua za Machi zinanukia, na hakuna anayetaka kulaza trekta kwa sababu ya tone. Haraka hiyo naielewa, lakini njia hiyo naipinga kabisa. Hebu tupige hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 28,800 kwa siku ya kazi ya saa nane. Matone kama 30 ya mafuta hujaza mililita moja, kwa hiyo karibu lita nzima imemwagika shambani kwa siku. Ukilima siku 20, ni lita 20 hivi, na matrekta mengi ya nguvu-farasi 25 hadi 50 hubeba kati ya lita 20 na 50 tu. Aliyeongeza kidogo kidogo amenunua mafuta ya kutosha kubadilisha karibu nusu ya ujazo au zaidi, na bado anaendesha trekta lenye uchafu wa zamani, unga wa chuma na maji humo ndani.

Hiyo ndiyo hasara ndogo. Kila kidumu kinachofunguliwa shambani, na kila kifuniko kinachoondolewa upepo ukivuma, huingiza vumbi jekundu la barabara zetu. Vumbi hilo hupita kwenye pampu na vali zilizochongwa kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, zikakwaruzika. Sili ya bei ya soda ingezuia hasara ya kununua pampu nzima.

Ili kutafuta panapovuja, ni lazima kwanza ujue mafuta yamekaa wapi, na hapo matrekta hayafanani. Mnyanyuo wa nyuma tunaoutumia leo chimbuko lake ni Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake Uingereza mwaka 1926. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni kwa jumla, na Massey Ferguson 135 iliyotoka 1964 ni mjukuu wake. Ferguson aliificha pampu na silinda ndani ya mwili wa trekta, pampu ikiwa imezama kwenye mafuta yenyewe. Mwenye Massey 135 ana mapaipu machache sana ya nje ya kupasuka. Mafuta yake hutokea kwenye gasketi ya mfuniko wa juu ulio chini ya kiti, na zaidi kwenye ncha mbili za shafti inayobeba mikono ya kunyanyulia. Katika matrekta mengi ya Kijapani na ya Kihindi, pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na mafuta husafiri nje kwa bomba la chuma na paipu za mpira hadi nyuma. Mwenye trekta la aina hii ana viungo vingi vya kukagua. Ukiwa na usukani wa haidroliki au koleo la mbele, viungo vinaongezeka maradufu.

Mafuta hutiririka kabla ya kudondoka. Hutoka juu, hufuata mshono wa chuma, huchukuliwa na upepo wa feni, kisha hudondokea kwenye nati iliyo chini kabisa, na fundi mwenye pupa huikaza nati hiyo isiyo na kosa. Dawa ya hapo ni usafi. Osha sehemu yote kwa maji ya sabuni na brashi, usielekeze maji ya presha kwenye sili wala kwenye kitundu cha kupumulia kilicho juu ya giaboksi, kisha kausha kwa kitambaa. Chukua unga wa muhogo, ambao haukosekani katika nyumba ya Samia wala ya Teso, uupulize mwembamba juu ya viungo vyote unavyovishuku. Washa injini, nyanyua na shusha plau mara kadhaa hadi mafuta yapate joto, kisha zima na umulike kwa tochi. Unga unabaki mweupe kote isipokuwa pale mafuta yanapozaliwa. Kwa tone la polepole, laza kipande cha katoni chini ya trekta usiku kucha, ukichora mahali magurudumu yalipo. Asubuhi utasoma ramani.

Rangi nayo inasema. Mafuta ya injini ni meusi. Ya haidroliki ni ya dhahabu, au ya maziwa yakiwa yameingiwa na maji. Dizeli utaijua kwa harufu. Jambo hili lina uzito sana pale injini inapoungana na giaboksi. Chini ya nyumba ya klachi kuna kitundu kidogo, mara nyingi kikiwa na pini iliyopindwa inayoning'inia humo. Kikitoa mafuta meusi, sili ya nyuma ya injini imekwisha. Kikitoa ya dhahabu, imekwisha sili ya shafti ya giaboksi. Kazi zote mbili zinahitaji trekta kutenganishwa katikati, kwa hiyo ni vyema kujua unabadilisha ipi kabla ya kulipa, na ukishalitenganisha ubadilishe zote mbili. Kitundu hicho wengine hukiziba kwa kijiti ili pasichafuke. Wanachofanya ni kuyafungia mafuta ndani hadi yaifikie klachi, na klachi iliyolowa huteleza trekta likiwa na mzigo.

Sasa paipu za mpira. Ndani ya paipu ya presha kuna nyuzi za chuma zilizosukwa, tabaka moja au mawili, na vichwa vya ncha zake hubanwa kwa mashine. Paipu ikichubuka hadi nyuzi zionekane, muda wake umekwisha, hata kama haijatoa tone. Kuizungushia mpira wa tyubu na waya, kama inavyofanywa sana kwenye vibanda vya mafundi, kunaficha jeraha bila kulitibu: mafuta humo ndani yana msukumo wa baa 150 au zaidi, ilhali tairi la gari dogo lina baa mbili hivi. Klipu ya skrubu inafaa kwenye paipu ya kunyonya au ya kurudishia mafuta, ambazo presha yake ni ndogo. Kwenye paipu ya presha itafyatuka. Fungua paipu nzima, uipeleke pamoja na ncha zake zote mbili kwa mwenye mashine ya kubana, na umwambie imetoka kwenye trekta gani, maana nyuzi za skrubu za Kiingereza na za mita zinaweza kudanganya jicho, nati ikaingia mizunguko miwili mitatu kisha ikaharibu kila kitu. Ziba matundu yaliyobaki wazi kwa nailoni safi wakati mtu wa boda boda amekwenda mjini.

Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie viungo hivi. Viungo vingi vya haidroliki huziba kwa uso wa koni au kwa oringi, si kwa nyuzi za skrubu, na vipande vya tepu vikikatika huenda kukwama kwenye vali.

Hapa naomba msomaji asome polepole. Tundu dogo kama la sindano kwenye paipu ya presha hurusha uzi wa mafuta usioonekana kwa jicho, na uzi huo hupenya ngozi. Anayepapasa kwa kidole kutafuta panapovuja anaweza kuhisi kama amechomwa na mwiba tu. Jeraha halitoi damu nyingi, mtu hucheka na kurudi kazini, na baada ya saa chache kidole kinavimba, kinabadilika rangi, kinakufa. Watu hukatwa vidole na hata mikono kwa ajali hii. Tafuta tundu kwa kipande cha katoni kilichoshikwa kwa mbali, ukiwa umevaa miwani, na kabla ya kufungua kiungo chochote shusha plau chini, zima injini, kisha sogeza wenzo wa haidroliki mbele na nyuma ili presha iishe. Aliyechomwa asingoje kesho, wala asikandwe kwa maji moto. Apelekwe saa hiyo hiyo hospitali kubwa iliyo karibu, iwe ya rufaa ya Busia au ile ya Tororo, na aseme wazi mlangoni kwamba mafuta ya presha yameingia mwilini, kwa sababu daktari akiona kitundu tu atafunga bandeji. Jeraha hilo linahitaji upasuaji ndani ya saa chache.

Oringi ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Ya duka la mabomba ya maji inaweza kulingana kabisa kwa macho, lakini mipira mingi ya maji ni ya aina isiyostahimili mafuta: huvimba, hulainika, hukatika. Omba ya naitrili. Pima upana wa ndani na unene wake, ipake mafuta safi kabla ya kuivalisha, na usirudishe ya zamani hata ikionekana nzima. Wapo wanaomimina mafuta ya breki kwenye haidroliki ili "kufufua" sili. Hayo ndiyo huzimaliza kabisa. Kwenye Massey 135, shika mkono wa kunyanyulia uutikise juu na chini. Shafti ikicheza, bushi imelika, na oringi mpya utakayoiweka bila kubadilisha bushi itavuja tena kabla msimu haujaisha. Kwenye silinda ya nje vivyo hivyo: pitisha ukucha kwenye fimbo yake inayong'aa. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, fimbo hiyo itaikata kila sili unayoinunua.

Kuna kuvuja kusikoacha alama chini. Nyanyua plau, zima injini, weka alama ya urefu, simama pembeni na utazame saa. Mikono ikishuka ndani ya dakika chache, mafuta yanapita ndani kwa ndani, kwenye pistoni ya silinda au kwenye vali. Kamwe usiingie chini ya plau iliyonyanyuliwa kwa haidroliki peke yake. Na kuna upande wa kunyonya, ambako kiungo kilicholegea hakitoi mafuta bali huingiza hewa: pampu hulia kwa sauti nyembamba, mikono hunyanyuka kwa kusitasita, mafuta huwa na povu. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo. Weupe ukiondoka baada ya muda mfupi, ulikuwa hewa. Ukibaki hadi jioni, ni maji.

Maji yana njia yao ya kuingia, na wakulima wa mpunga wa Bunyala na wa Doho, Butaleja, wanapaswa kuijua. Ekseli iliyokuwa moto ikitumbukizwa ghafla majini hupoa, hewa ya ndani husinyaa, na trekta hunyonya matope kupitia sili zilizochoka. Kuna pia kile kitundu cha kupumulia cha juu ya giaboksi. Kikizibwa na tope kavu, hewa ikipata joto haina pa kutokea, hivyo husukuma mafuta kwenye sili zilizokuwa nzima. Nimeona mtu akibadilisha sili za magurudumu yote mawili na mafuta yakaendelea kutoka, mpaka alipokisafisha kitundu hicho kwa waya. Anza na hicho kabla ya kununua spea yoyote. Kwenye mashamba ya miwa, angalia shafti ya nyuma inayozungusha mashine: majani makavu na kamba za nailoni hujisokota hapo, huingia chini ya sili na kuikata taratibu. Kisu na dakika tano kila jioni vinatosha.

Yaliyomwagika nayo yana safari. Mto Sio unaishia Ziwa Viktoria, Mto Malaba unapeleka maji yake Mpologoma na Kyoga, na watu huyateka maji hayo njia nzima. Weka karai chini kabla ya kufungua chochote, mwagia vumbi la mbao au udongo mkavu palipolowa, uzoe. Mafuta machafu yakusanye kwenye dumu lenye kifuniko na uyapeleke kwa wanaoyakusanya, yasipakwe vidonda vya ng'ombe wala yasimwagwe mtaroni nyuma ya karakana.

Wiki ijayo: kubadilisha mafuta yote, kuosha chujio la waya lililo ndani, na jinsi ya kuchagua mafuta ambayo breki za ndani ya ekseli hazitalia nayo.