Walijengewa au walijenga? Sarufi ya mpango wa mji

Mjini Zanzibar yamebaki majina ambayo vitu vyake vimekwisha kuondoka. Darajani hakuna daraja, na Ng'ambo haivukwi tena kwa maji, maana mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na mitaa ya wanyonge ulifukiwa. Majina yanatunza kumbukumbu ya mahali. Kumbukumbu ya watu, nadhani, imo zaidi katika vitenzi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilisaidiwa na Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti. Mwaka 1968 mpangamiji wa huko, Hubert Scholz, alitayarisha mpango mpya wa mji. Nia ilikuwa njema: mkazi wa nyumba ya udongo na makuti apate maji, umeme na choo. Ndipo katika miaka ya 1970 yakainuka Michenzani majengo 10 marefu ya ghorofa, kando ya barabara pana zinazokutana kama msalaba. Nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa kuyapisha.

Habari hii husimuliwa hivi: wakazi walihamishwa, wakajengewa, wakapewa. Tuchambue *wakajengewa*. Kuna -e- ya kutendea na -w- ya kutendwa. Mkazi amekaa mahali pa kiima, lakini hatendi, anapokea. Katika nyumba ya zamani yeye ndiye aliyeongeza chumba mwana alipooa, na ndiye aliyejenga baraza ya kuzungumzia na majirani. Ghorofani vitenzi hivyo vilimtoka.

Katika miaka ya 2010 ulitungwa mpango mwingine, ukaitwa Ng'ambo Tuitakayo. Hapa tu- ni kiima, -i- ni Ng'ambo yenyewe, na -w- haimo. Bila shaka kiambishi hakijengi nyumba, na hata ofisi peke yake yaweza kusema "tu". Swali ni nani wamo ndani ya "tu" hiyo.

Swali hilo ni letu pia. Lava ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya Goma Januari 2002, watu walirudi wakajenga juu ya mwamba. *Walijenga*, bila -w-. Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi zetu. Mpango wowote wa mji utafika mtaani kwa tafsiri ya Kiswahili. Sisi tutakaoitwa kuufasiri tuhesabu kwanza: mkazi anatenda mara ngapi, na mara ngapi anatendewa?