Mombasa na Watoto: Twende Wapi, Tulipe Vipi?

Shule zikifungwa, swali nyumbani huwa ni moja: "Tunaenda wapi?" Mtoto akitaja Mombasa, mzazi anaanza kupiga hesabu kimoyomoyo. Habari njema ni kwamba mengi ya kuona Mombasa ni ya bure au ya bei nafuu. Pesa nyingi hupotea kwingine kabisa: kwa malipo yaliyofanywa haraka bila kuuliza.

Hebu tupange safari pamoja.

Kabla ya kufunga mizigo

Anza na nyumba ya kukodisha. Unaona picha tamu mtandaoni, bei iko chini, halafu ujumbe unaingia: "Kuna mtu mwingine anaitaka, tuma nusu sasa hivi." Ukituma, simu inazimwa. Unafika Bamburi usiku, watoto wamechoka, na mlinzi anakuambia hapo hakuna nyumba kama hiyo.

So kabla ya kutuma pesa za kushikilia nyumba, fanya mambo matatu:

1. Omba simu ya video, mwenye nyumba akuonyeshe kuanzia langoni hadi ndani.
2. Kama una ndugu au rafiki Mombasa, mwambie apite hapo.
3. Linganisha jina linalotokea kwenye simu na jina ulilopewa. Yakitofautiana, usiweke PIN.

Ukienda na treni, kata tiketi mapema maana likizo hujaa. Kumbuka pia stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo tenga nauli ya matatu au tuktuk.

Asubuhi: Fort Jesus na Mji wa Kale

Nenda mapema kabla jua halijakuwa kali. Wareno walianza kujenga ngome hii mwaka 1593. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka 3, na baadaye Waingereza wakaigeuza kuwa jela. Tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Watoto watapenda mizinga, na pia kisa cha Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697. Baadhi ya vitu vilivyotolewa ndani yake viko kwenye makumbusho.

Ngome iko chini ya serikali, so kiingilio hulipwa kupitia eCitizen. Mtu akikuambia nje ya lango umtumie kwa nambari yake ndo akuingize haraka, mshukuru upite. Ukitaka mtu wa kuwatembeza, elewaneni bei kabla ya hatua ya kwanza.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro, milango ya nakshi na roshani za mbao unaviona bure. Vaeni kwa heshima, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha watu.

Jioni: Mama Ngina na feri

Bustani ya Mama Ngina ilifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kukarabatiwa. Hapo watoto wanakimbia huku meli kubwa zikipita kuingia bandarini. Nunueni mihogo yenye pilipili na ndimu, na madafu baridi. Feri ya Likoni haiko mbali, na anayevuka kwa miguu halipi. Shika mtoto mkono, watu huwa wengi.

Siku ya pili: Haller Park na ufuo

Haller Park, Bamburi, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Miti ilianza kupandwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo kuna twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa. Ndipo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mzee aliyeitwa Mzee. Uliza langoni saa za kulisha twiga.

Alasiri, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hauna kiingilio. Boya la kukodi, picha na ngamia au safari fupi ya boti zote zina bei, so uliza kwanza: "Ni pesa ngapi kwa sisi sote?" Ukielewa ndo mtoto apande.

Ukiwa unalipa

Weka pesa ya kila siku kando ili ya nauli ya kurudi isiguswe. Usimpe mtu simu yako "akusaidie" kutuma. Soma jina, soma kiasi, halafu ndo uweke PIN. Ukikosea nambari, piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla aliyepokea hajatoa pesa. Na usisahau kuchaji simu usiku: ikizima Likoni, hata ya tuktuk itakuwa shida.

Safari njema!